Uzi Nilionyimwa

Nirav aliteremka uwanja wa ndege wa Bangboka siku ya Alhamisi, na kabla ya Jumapili nilikuwa nimekwisha kumchukia.

Hakuwa amenikosea kitu. Alikuwa kijana wa Mwanza, mrefu, ndevu zake zimechongwa vizuri, mtoto wa rafiki wa zamani wa baba yake Urvi. Nyumbani kwao walisema amekuja kutembea tu. Lakini kwetu Kisangani hakuna anayebadilisha ndege mara mbili kwa ajili ya kutembea. Kijana asiye na mke akifikia katika nyumba yenye binti wa miaka ishirini na mitatu, akakaa wiki mbili, akapikiwa kila siku chakula cha sikukuu, hata majirani wanajua amekuja kuangalia nini.

Na binti mwenyewe alikuwa Urvi wangu.

Nasema wangu, ingawa aliyejua hivyo alikuwa mtu mmoja tu, Angélique, binti wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto, rafiki yetu tangu mwaka wa kwanza pale chuo kikuu. Wengine wote walituona kama wanafunzi wawili wanaosalimiana koridoni, yeye wa biolojia, mimi wa kilimo. Hawakujua kwamba kwa miezi kumi na minne tulikuwa tunakutana nyuma ya kitalu cha miche, ambako mvua ikinyesha juu ya mabati hata neno la siri halisikiki hatua mbili. Urvi alizaliwa hapa. Alikuwa akikasirika kwa Kilingala, akihesabu kwa Kifaransa, akiomba kwa Kigujarati, na mimi alinipenda kwa Kiswahili.

Kwao walitaka Mhindu. Kwetu walitaka Munande, mtu wa kabila letu, na awe Mkatoliki. Papa yangu, Papa Kasereka, aliyetoka Butembo na kufungua duka la jumla huku mjini, alikwisha kulisema hilo mezani bila mtu kumuuliza.

"Mi sina shida na Bahindi," alisema. "Ni batu ba kazi. Lakini mutu ya kuoa, unamutafuta kwenu."

Alisema hivyo akiniangalia mimi, wala si kaka zangu.

Kwa hiyo Nirav alipofika, kidonda kilikuwa kimekwisha kukaa tayari kikingoja chumvi.

*

Siku ya Jumatano, siku tatu kabla ya sikukuu, tuligombana. Nilikuwa nimewaona mjini, yeye na Nirav, mbele ya duka la baba yake. Nirav alikuwa ameketi juu ya katoni, anamenya chungwa. Alilimenya lote bila ganda kukatika, akaligawa, akampa Urvi nusu. Urvi akapokea bila kumwangalia, jinsi mtu anavyopokea kitu kwa mtu aliyemzoea. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Angemwangalia, ningeumia kidogo.

"Anakuitaka nani?" nilimuuliza nyuma ya kitalu.

"Nani?"

"Ule mugeni wenu. Nilisikia anakuita jina."

"Uru," alisema. "Ni jina ya utoto. Mama njo alimufundisha."

"Mi sijakuita vile hata siku moja."

"Hujaniuliza hata siku moja."

"Na machungwa? Anakumenyeaka kila siku?"

Urvi aliniangalia. Macho yake ni makubwa, na akichoka huwa yanafunguka zaidi badala ya kufumba. "Nzanzu," alisema polepole, "ile ni chungwa tu."

"Inaanzaka na chungwa."

"Bon. Sikiliza. Siku ya posho kuko sikukuu yetu hapa campus. Nataka ukuye. Lakini mbele ukuye, kuko kitu nataka nikuelezee, juu ya ile siku, juu ya kitu nitafanya, donc usi..."

"Atakuwako?"

"Nirav? Iko mugeni wetu. Atakuwako."

"Basi usherehekee na yeye," nikasema, nikaondoka.

Alinipigia simu jioni ile. Alinipigia Alhamisi asubuhi, na Ijumaa mara nne. Kila mara nilikaa nikiliangalia jina lake likiwaka kwenye kioo mpaka likazima lenyewe. Nitasema ukweli wote: kuna utamu fulani katika kuumia ukiwa unajua unapigiwa. Nilikuwa nikimwadhibu, na nilidhani mwenye kuadhibiwa ni yeye.

*

Jumamosi, hiyo siku ya posho, asubuhi Angélique alinifuata chumbani, akanipigia shati pasi kwa mikono yake.

"Vaa," alisema. "Utabaki hapa unakula moyo yako peke yako, na kule yule wa Mwanza anakula ladu zao tamu?"

Familia za Kihindu za mji wetu ni chache, na hazikuwa na hekalu. Kwa hiyo wanafunzi wao na wazazi waliomba ukumbi mkubwa wa campus kwa ajili ya sikukuu yao ya Augusti, wakatualika na sisi wengine. Jina lake ni Raksha Bandhan. Wanafunzi waliiita sikukuu ya uzi. Mwaka uliopita nilikuwa Butembo kwa nyanya yangu, na Urvi aliniambia kwenye simu neno moja tu juu yake: "Unafungia uzi mutu mwenye unataka akulinde." Nikamwambia mwaka kesho atanifungia mimi. Alicheka sana siku ile. Nilidhani amefurahi.

Tulifika tumechelewa. Mwalimu mmoja mzee wa Kihindi aliyefundisha hesabu alikuwa amekwisha kueleza maana ya sikukuu na kuketi. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Tulivua vyetu, tukaketi nyuma kabisa. Ukumbi ulinukia samli na maua. Sakafuni walikuwa wamechora ua kubwa kwa unga wa rangi, na wasichana walizunguka wakiwa na sinia. Juu ya kila sinia taa ndogo, mchele, unga mwekundu, vipande vya halua, na nyuzi. Nyuzi nyekundu zenye dhahabu.

Urvi alikuwa amevaa sari ya kijani. Sikuwa nimemwona katika sari hata mara moja. Miezi kumi na minne, na kijana wa Mwanza aliiona kabla yangu.

Alianza na Hugues, mkubwa wa darasa lao. Akampaka nukta nyekundu kwenye paji la uso, akamfunga uzi mkononi, akamtia halua mdomoni. Hugues akampa kalamu mpya iliyofungwa kwa utepe, watu wakapiga makofi. Nikajiambia si neno. Kisha akamfuata Papa Lambert, mlinzi wa maktaba, mzee wa mvi, ambaye alinyoosha mkono mmoja na kufuta machozi kwa mkono wa pili. Nikajiambia hilo nalo si neno, ni heshima kwa mzee.

Kisha akaenda kwa Nirav.

Nirav alikuwa ameketi juu ya mto mwekundu katikati ya safu ya mbele, kama bwana harusi. Urvi alipiga magoti mbele yake. Kidole chake kilikaa kwenye paji la uso la yule kijana muda mrefu kuliko kilivyokaa kwa Hugues, nilihesabu. Alimfunga uzi, akakaza fundo mara tatu. Nirav aliinama akasema kitu. Urvi akajibu. Kisha akachukua halua, akamlisha kwa vidole vyake vile ambavyo mimi nilikuwa nikivishika gizani kama vitu vya kuibiwa.

Ukumbi ulinyamaza. Si wote, wanawake wa Kihindi tu, lakini nilisikia kunyamaza kwao. Maman Kokila, mama yake Urvi, alikuwa amesimama pembeni na sinia, na niliona taa juu ya sinia ile ikicheza. Mama mmoja mzee aliinama akamnong'oneza mwenzake, na yule mwenzake akaziba mdomo kwa kitambaa.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mchumba ametangazwa, na mama yake anatetemeka kwa furaha.

"Ndeko, ndugu yangu, kaa chini," Angélique alisema, akinishika mkanda wa suruali.

Sikukaa. Nilipita katikati ya ukumbi ule nikiwa na soksi, nikakanyaga ukingo wa ua la unga, nikasimama mbele ya Urvi.

"Na mi?" nikasema.

Aliinua uso. Sijapata kuona mtu akifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja namna ile. "Ulikuya," alisema.

"Na mi, Urvi? Hugues umemufunga. Papa Lambert umemufunga. Huyu wa Mwanza umemufunga na umemulisha na mukono. Mi tu njo sina uzi?"

"Nzanzu, si sasa. Tutaongea inje. Nakuomba."

"Juu ya nini inje? Bengine umebafunga hapa ndani, mbele ya batu."

"Iko nini?" Ilikuwa sauti ya Maman Kokila. Alikuja na sinia yake, mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye miwani inayoning'inia kwenye mnyororo. Alifika Kisangani akiwa bibi harusi, miaka mingi iliyopita, na alizungumza Kiswahili chetu kama mtu wa Makiso, mtaa wa katikati ya mji.

"Maman," nikasema, "naomba na mi uzi."

Aliniangalia. Kisha akamwangalia binti yake. Kisha akaniangalia tena, na safari hii aliniangalia kutoka viatu ambavyo sikuwa navyo mpaka kichwani, polepole, kama mtu anayesoma barua iliyopotea njiani siku nyingi.

"Wewe njo Nzanzu," alisema. "Ulikuwa unamuletea karatasi za masomo kwa mulango wakati alikuwa na malaria."

"Ndiyo, maman."

"Kila siku. Juma mbili."

"Ndiyo, maman."

"Uko mutoto ya adabu." Akachagua uzi kwenye sinia yake mwenyewe, mzuri kuliko zote, wenye ua la dhahabu katikati, akamnyooshea Urvi. "Ni haki yake. Mufunge."

Nilijisikia nimeshinda. Nilikunja mkono wa shati, nikanyoosha mkono wa kuume mbele ya watu wote, na nakumbuka nilimtupia Nirav jicho ili aone.

Urvi hakuupokea ule uzi.

"Mufunge," mama yake akasema tena, kwa sauti ya chini.

"Hapana, maman."

"Urvi."

"Bote nitabafunga. Huyu siwezi."

Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Hugues aliacha kutafuna. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo. Nilimngojea Urvi aongeze neno, neno lolote, lakini alikuwa amefumba midomo, na machozi yalikuwa yakimteremka mpaka kwenye kidevu. Niliyaona machozi yale, nikayapa maana mbaya kuliko zote: ananihurumia.

"Aksanti," nikasema. "Nimeelewa."

Nikageuka, nikatoka.

*

Nilikuwa nimefika ukuta mfupi wa simenti, pale barabara ya campus inapoanza kuteremka kuelekea mtoni, ndipo nikahisi changarawe zinanichoma. Sikuwa na viatu. Niliketi juu ya ukuta. Jua lilikuwa kali, na madereva wa toleka walikuwa wamelala juu ya baiskeli zao wakingoja abiria. Nilijaribu kulia, hasira ikanikataza. *Huyu siwezi.* Nililirudia neno lile mpaka likaacha kuwa na maana, kisha maana ikarudi kali zaidi.

"Bwana, umesahau hivi."

Alikuwa Nirav. Ameshika viatu vyangu mkono mmoja, uzi mwekundu ukiwa umefungwa mkono wa pili. Aliviweka chini mbele yangu, vimepangwa sawasawa, akaketi juu ya ukuta bila kukaribishwa.

"Umekuja kunicheka?" nikamuuliza.

"Nimekuja kwa sababu ndani kuna joto, na akina mama wote wananitazama kama mtu aliyefiwa." Kiswahili chake kilikuwa safi, kimepigwa pasi kila neno. Hata hilo nililionea wivu.

"Umefiwa nini? Umepata kila kitu."

"Nimepata nini?"

"Uzi."

Alicheka, lakini haikuwa furaha. Aligeuza mkono wake juani, akautazama ule uzi wenye dhahabu. "Unajua huu ni uzi wa nini?"

"Wa mutu mwenye anataka amulinde."

"Ndivyo. Na anayemlinda msichana ni nani?"

Nilivuta kiatu cha kwanza, nikaanza kukivaa.

"Kaka yake," Nirav alisema. "Huu uzi dada anamfungia kaka yake. Na kama hamkuzaliwa tumbo moja, akishakufunga, basi, umekuwa kaka yake. Mpaka kufa. Kwetu mtu haoi dada yake, bwana. Sijui kwenu."

Nilikuwa nimeingiza mguu mmoja katika kiatu. Nikabaki hivyo hivyo.

"Wazazi walitaka tuonane," aliendelea. "Hakuna aliyelazimishwa. Mimi nilionana naye siku ya kwanza, pale uwanja wa ndege, na sikuhitaji siku ya pili. Ningesema ndiyo palepale." Akaugusa ule uzi. "Leo asubuhi kabla watu hawajaingia, akaja akaniuliza: utanipa mkono wako leo? Akaniuliza kwa heshima, macho yamejaa maji. Wanaume wa kwetu wanaijua siku hii. Ukiona msichana unayempenda anakujia na uzi, unakimbia, unajificha chooni. Ningeweza kukimbia."

"Na hukukimbia juu ya nini?"

"Kwa sababu alipokuwa akiniomba alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama mlango."

Baiskeli moja ilipita, kengele yake ikilia. Nirav aliingoja ipite.

"Pale mbele nilimuuliza, ni nani? Akaniambia, yule wa nyuma aliyekunja uso. Nikatazama. Ulikuwa unanitazama kama unataka kunitafuna." Sasa alitabasamu kidogo. "Nimeona wanaume wengi wakiukimbia uzi huu. Wewe ndiye wa kwanza niliyemwona anaudai kwa kelele."

Aibu ina joto lake. Ilinipanda mpaka masikioni. Nilimwona tena Maman Kokila akichagua uzi mzuri kuliko zote, akinisifu adabu, na sasa nikaelewa kile alichokuwa akifanya. Dakika ile alikuwa amekwisha ona binti yake akimfungia Nirav mlango usoni. Alipotafuta sababu, sababu ikaja yenyewe, bila viatu, ikanyoosha mkono. Ilibaki kunifunga tu. Na mimi nilikuwa nikimsaidia kukunja shati.

Huyu siwezi. Alilisema mbele ya mama yake, na mbele ya kila mama ambaye jioni ile angelipeleka neno katika kila nyumba ya Kihindu mjini. Mbele yao wote alikuwa amesema ananipenda, na mimi nikamjibu aksanti.

"Nisamehe, Nirav," nikasema.

"Mimi sina la kukusamehe. Vaa kiatu cha pili." Akasimama, akapangusa suruali. "Ila sasa mimi ni kaka yake. Ukimliza tena kama leo, nitarudi kutoka Mwanza."

*

Nilirudi mbio.

Wageni walikuwa wakitawanyika. Angélique na Hugues walikuwa wakipanga benchi upande mmoja. Urvi na mama yake walikuwa peke yao karibu na dirisha, wakifuta masinia, kila mmoja akifuta lake bila kumtazama mwenzake. Nilivua viatu mlangoni.

"Urvi," nikasema.

Hakugeuka. "Nilikupigia mara sita."

"Najua."

"Nilikuwa nataka kukuambia yote. Nirav, uzi, mama. Nilikuwa naogopa, Nzanzu. Nilikuwa nataka ushike mukono yangu mbele nifanye vile. Na wewe ulikuwa unafanya hasira juu ya chungwa."

"Nilikosa."

"Ulikosa sana."

"Nilikuwa na wivu. Na ningali nayo. Naona wivu juu ya sari, juu ya jina Uru, juu ya Kiswahili ya yule mutu. Sijui kama itaisha. Lakini sitaacha tena simu yako ilie."

Hapo ndipo alipogeuka, na kabla hajasema neno, Maman Kokila aliweka sinia chini. Ule uzi wa ua la dhahabu ulikuwa bado katika kiganja chake.

"Sasa umeelezewa maana," aliniambia.

"Ndiyo, maman."

"Nilikuletea njia ya heshima. Hukujua, mi nilijua. Ungekuwa mutoto ya nyumba yangu. Ungekuya kula siku yote, kulala ukiwa mugonjwa, na hakuna mutu angeuliza unatafuta nini. Baba yake angekuita mutoto." Alinyoosha uzi ule kwa mikono miwili. "Bado ninakupa. Yeye anakataa, sawa, mi mwenyewe nitakufunga kwa jina yake. Nyoosha mukono, na mambo ya leo tutasahau. Ukikataa, Nzanzu, sitasahau."

Nilimwangalia Urvi. Safari hii hakusema hapana. Alikuwa amesema mara moja mbele ya watu wote, na sasa ilikuwa zamu yangu.

Niliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtoto wa shule anayeogopa fimbo.

"Aksanti kwa yote, maman," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Lakini mi sitaki kuwa ndugu yake."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu mzima. Maman Kokila alivaa miwani yake. Alinitazama, kisha akaukunja ule uzi taratibu, akaufunga katika ncha ya sari yake.

"Baba yako anajua?"

"Hapana, maman."

"Mupigie."

"Sasa?"

"Ulikuwa na haraka ya kudai uzi mbele ya batu bote. Haraka imeenda wapi?"

Nilipiga. Papa alipokea haraka, nikasikia kelele za duka nyuma yake.

"Papa, niko campus. Niko na neno."

"Ni juu ya mutoto ya Bahindi," alisema.

"Nani alikuambia, papa?"

"Mwaka muzima unakataa nyama pa meza kama Bahindi, unasema ni tumbo. Unafikiri mama yako na mi hatuna macho? Nilikuwa nangoja uniambie wewe mwenyewe. Bon, umeniambia. Mi sikubali, Nzanzu. Nasema mapema."

Nilidhani sauti haifiki mbali, lakini Maman Kokila alikuwa amekwisha nyoosha mkono. "Nipe," alisema, akaichukua simu.

"Papa ya Nzanzu? Ni mama ya Urvi. Bonjour. Ndiyo. Hapana, hapana, na mi pia sikubali. Kabisa. Njo vile, papa, tunabalipia masomo, na benyewe banasoma ingine." Alianza kutembea polepole kando ya dirisha. "Mama yake anasema nini? Ah. Presha? Tangu wakati gani? Na banamupa dawa gani? Ile haifai peke yake, papa, apunguze na chumvi. Kwangu pia ni vile, baba yake Urvi. Ndiyo. Katoliki, najua. Na sisi tuko na yetu. Ni nguvu, papa. Ni ngumu sana."

Walizungumza hivyo karibu robo saa. Hakuna aliyekubali upande huu wala upande ule, na kadiri nilivyosikia, hakuna watu wawili waliopata kuelewana vizuri hivyo juu ya kutokubali. Mwisho alinirudishia simu, akavua miwani.

"Baba yako iko mukali," alisema. "Hataki. Na mi sitaki. Baba ya Urvi iko Isangi kwa biashara, atarudi siku ya tatu. Siku ya ine, saa kumi, mutakuya bote: wewe, baba yako, na mama yako kama presha inamuruhusu. Kwa mulango ya mbele. Tutakataa pamoja, tukikaa kwa viti."

Akachukua sinia zake, akaenda kuziweka katika gari, na hakumwambia binti yake amfuate.

Nilitaka kusema jambo kubwa. Nilikuwa na siku tatu za maneno kifuani. Lakini Urvi alitikisa kichwa, akasogea, na pale katikati ya ukumbi, mlango ukiwa wazi na mama yake akiwa hatua kumi kutoka kwetu, akaushika mkono wangu ambao asubuhi ile aliuacha hewani, akaubana, wala hakuuachia mpaka honi ya gari ilipopigwa.